Karavani, Shangazi na Barabara ya Kaskazini: Kutoka Leicester hadi Lindisfarne

Jumamosi: Leicester hadi York

Shangazi yake Baba Watoto amekuja kututembelea hapa Uingereza kutoka Tanga. Asubuhi hii aliizunguka karavani, kijumba chetu cha magurudumu kinachovutwa na gari, iliyoegeshwa mbele ya nyumba, akaigonga ubavuni kwa kidole, akauliza: "Mna nyumba ya matofali ina vyoo viwili, mnaifunga mwende kulala humu?" Baba Watoto akacheka. Mimi sikuwa na nafasi ya kujibu, nilikuwa napanga mizigo, na mizigo ya karavani haipangwi huku ukipiga soga.

Vizito vyote vinakaa chini, usawa wa ekseli, ule mhimili wa magurudumu: unga, mchele, sufuria, turubai la pembeni. Ukijaza nyuma, mkia unaanza kuyumba ukiwa kasi, na mkia ukishika mwendo wake karavani inaweza kupinduka pamoja na gari lako. Ukijaza mbele kupita kiasi, gari linakaa chini kwa nyuma na taa zinamulika mbinguni. Uzito unaolalia ndoano ya gari unatakiwa uwe kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani, na ipo mizani ndogo ya kupimia. Kuna ushauri mwingine unaorudiwa na kila mzoefu: karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloivuta. Sisi tulinunua iliyotumika, ndogo kuliko tuliyoitamani, kwa sababu ya hesabu hiyo. Na wazo lenyewe lilitujia baada ya Desemba 16, 2021, sheria ilipobadilika na leseni ya kawaida ya gari dogo ikaanza kuruhusu kuvuta trela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada.

Shangazi aliomba ajilaze kwenye kitanda cha karavani njia nzima. Nikamwambia sheria hairuhusu mtu kukaa ndani ikivutwa. "Basi kazi yake nini?" akauliza, akapanda kiti cha mbele na mto wake.

Barabara kuu ya M1 kuelekea kaskazini tulikwenda maili 60 kwa saa, ndiyo mwisho wetu kwenye motowei. Barabara ya njia moja kila upande ni 50. Ile njia ya kulia kabisa yenye wenye haraka haituhusu, kisheria. Kwa hiyo wenzetu ni malori. Mwanzoni mwendo huu uliniudhi, siku hizi ndio ninaoupenda: unaongea bila kupaza sauti, unaona mashamba yakivunwa, na watoto wanasoma mabango. Tulipumzika kwenye kituo cha mapumziko, upande wa malori ambako ndiko kuna nafasi ya urefu wetu, tukala chapati na mayai ya kuchemsha na chai ya chupa.

Kambi iko nje kidogo ya York, karibu na mto. Kurudisha nyuma karavani ni kazi ya kujifunza upya usukani: ukitaka mkia uende kulia, unakata kushoto. Baba Watoto alisimama nyuma akipunga mikono, na mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa akinywa chai mlangoni kwake akainuka bila kuitwa, akasimama kona ya pili. Ndivyo walivyo watu wa kambini. Mtaani kwetu tunakaa miaka bila kujuana. Hapa mtu anakuletea kibao cha kusawazishia gurudumu kabla hujamwambia jina lako. Miguu ya kona ikashushwa, waya wa umeme ukachomekwa, pipa la maji likaviringishwa hadi bombani na kurudi. Saa kumi na moja jioni maharage yalikuwa jikoni.

Jumapili: York

Gari tuliliacha kambini, tukaingia mjini kwa basi. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalielewi kuhusu likizo ya karavani. Huendi kukaa ndani yake. Ukishaisimamisha inakuwa nyumbani, na kila asubuhi unatoka mikono mitupu.

Watoto walitaka Makumbusho ya Taifa ya Reli, ambayo kuingia ni bure. Pale lipo garimoshi la bluu, Mallard, lililofika maili 126 kwa saa tarehe 3 Julai 1938. Injini ya mvuke haijawahi kuthibitishwa kwenda kasi kuliko hiyo. Kijana wangu aliusoma ubao, akafanya hesabu, akasema ni zaidi ya mara mbili yetu. Sikumjibu.

Lakini mimi nilikuwa na safari yangu kwenye Makumbusho ya Yorkshire, kumwona mwanamke wa bangili. Kaburi lake lilifukuliwa hapa York mwaka 1901. Ni la karne ya 4, enzi za Warumi, na alizikwa na mapambo ya mtu mwenye mali: bangili za pembe za ndovu kutoka Afrika, na nyingine za jeti nyeusi, jiwe la huku huku Yorkshire. Kulikuwa pia na kipande cha mfupa kilichochongwa maneno ya Kilatini ya kumsalimu dada na kumwombea aishi katika Mungu. Watafiti walipopima mabaki yake, wakatangaza mwaka 2010 kwamba huenda asili yake ilikuwa Afrika Kaskazini. Shangazi alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Yeye mwenyewe ana bangili za dhahabu zilizokuwa za mama yake. "Huyu alikuwa mtu wa watu," akasema. "Tazama walivyompamba."

Nikamweleza habari za Kaizari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, aliyekuja Uingereza mwaka 208 kupigana kaskazini na akafia mji huu huu Februari 211. Mwafrika aliyetawala Dola ya Roma, kafa York. Binti yangu akauliza mbona shuleni hawakuambiwa. Baba Watoto akasema, "Ndiyo maana tumekuja."

Jumatatu: York hadi Whitby

Ramani ya simu haijui kwamba unavuta nyumba. Msimamizi wa kambi alituonya kuhusu Sutton Bank, mlima wa barabara ya A170 wenye mwinuko wa asilimia 25 ambako karavani zimepigwa marufuku kabisa, na akatushauri pia tuikwepe A169 kwa sababu ya mteremko wa Blue Bank. Tukapita Scarborough na kuifuata A171. Tumeongeza muda, lakini tumevuka nyika za North York Moors mwishoni mwa Agosti, wakati vichaka vyote vimechanua zambarau hadi upeo wa macho. Tulisimama pembeni. Upepo ukaipokonya kanga ya Shangazi, watoto wakaikimbilia, kondoo wakakimbia nao.

Jumanne: Whitby

Ngazi 199 kutoka mjini hadi kanisani, na juu yake magofu ya abasia, nyumba ya watawa. Hapo mwanamke aitwaye Hild alianzisha monasteri mwaka 657, na mwaka 664 ukafanyika mkutano wa kuamua Pasaka iadhimishwe lini. Nilicheka moyoni. Sisi tunaobishana kila mwaka kuhusu mwezi umeandama au haujaandama tuna wenzetu wa zamani sana.

Shangazi alipanda zote 199. Alipumzika kwenye kila benchi, akasalimiana na kila aliyekaa hapo, kwa Kiswahili, na akajibiwa.

Chini mjini maduka ya jeti yamejaa. Ni mti, kwa kweli, mti wa jamii ya miti iitwayo araukaria, uliozama na kugeuka kitu cheusi chepesi kwa muda wa miaka kama milioni 180. Malkia Victoria alipofiwa na mumewe mwaka 1861 na kuvaa jeti za msiba, Uingereza nzima ikataka, na Whitby ikatajirika. Sisi tulikuwa tumetoka tu kuiona mkononi mwa yule mwanamke wa York, kwa hiyo kila mmoja alitaka kuishika. Shangazi alichagua kidani kidogo akaanza kuteta bei. Muuzaji hakuwa amezoea. Kwanza aliona haya, kisha akaingia mchezoni, na mwisho akapunguza. Nimeishi nchi hii miaka mingi na sikujua kama inawezekana.

Jioni samaki wa kukaanga na chipsi bandarini. Shakwe wa Whitby ni majambazi. Kula ukiwa umegeukia ukuta.

Jumatano

Mvua. Karata, uji, nguo zenye unyevunyevu zimetundikwa kila mahali. Hakuna la kusimulia ila hili: watu watano ndani ya karavani siku ya mvua wanajifunza kupishana kwa zamu, na anayekwenda kumwaga tangi la choo anapata angalau matembezi.

Alhamisi: South Shields

A171, kisha A19 kwenda juu, kiwanja chetu kinatazama Bahari ya Kaskazini. Tuliposhusha miguu ya kona jua lilikuwa limetoka. Alasiri tukaenda kwa miguu kwenye ngome ya Warumi ya Arbeia, juu ya mdomo wa mto Tyne. Kuingia bure.

Mawe mawili ya makaburi yalinifanya nirudi mara ya pili kuyasoma. La kwanza ni la Regina, mwanamke wa kusini mwa Uingereza aliyekuwa mtumwa, akaachwa huru na kuolewa na Barates, mtu wa Palmyra, Syria. Alifariki akiwa na miaka 30. Barates aliandika Kilatini kama desturi, kisha chini akaongeza mstari wa lugha ya kwao: Regina, mwachwa huru wa Barates, ole. Basi. Mstari wa Kilatini una mambo mengi. Mstari wa nyumbani una kilio tu.

La pili ni la Victor, kijana wa miaka 20, Mmauri wa Afrika Kaskazini, naye aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Bwana wake wa zamani, Numerianus, askari wa farasi, ndiye aliyemzika, na jiwe linasema alimsindikiza kaburini kwa mapenzi makubwa. Amechongwa amejilaza kwenye kochi kama mtu wa heshima. Shangazi akauliza mama yake alipata habari lini. Hatukuwa na la kumjibu.

Ijumaa: South Shields

Baba Watoto na kijana walikwenda kuswali Ijumaa msikiti wa Al-Azhar, mtaa wa Laygate. Ni msikiti mdogo wenye historia kubwa: bondia Muhammad Ali aliutembelea mwaka 1977 na ndoa yake ikabarikiwa humo. Aliyewaleta Waislamu hapa ni makaa ya mawe. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 mabaharia wa Yemen walipakiwa Aden kwenye meli za mvuke kama wachochea moto, kazi ambayo wengine hawakuitaka, na wengi wakatia nanga mji huu, wakaoa, wakazaa.

Shangazi aliposikia Yemen akakaa sawa. Tanga yake ya utotoni ilikuwa na Washihiri: mwenye duka la kona, muuza kahawa wa jioni. Wale wa kwetu walishuka na majahazi kwa pepo za kaskazi. Hawa ndugu zao waliingia matumboni mwa meli wakasukuma makaa hadi huku kwenye baridi. Kijana alirudi kutoka msikitini na tende mkononi, kapewa na mzee mmoja aliyemuuliza ametoka wapi, na alipojibu "Tanga", ingawa kazaliwa Leicester, mzee akamwambia anaijua kwa masimulizi ya babake.

Usiku tulipita Ocean Road, barabara iliyojaa mikahawa ya Kibengali na Kihindi. Pilau ilikuwa nzuri. Shangazi alisema imekosa mkono, akaimaliza.

Jumamosi na Jumapili: Ukuta wa Hadrian

Kambi karibu na Haltwhistle, kijani pande zote, mtandao wa simu hakuna. Ukuta huu wa Warumi ulianza kujengwa mwaka 122, unavuka nchi kutoka pwani hadi pwani, kilomita zipatazo 117. Jumapili tuliacha gari tukapanda basi linalofuata ukuta, ambalo namba yake ni AD122. Aliyelipatia basi namba hiyo apewe soda.

Housesteads ni ngome juu ya kilima, na kutoka kituoni unapanda. Watoto walikimbilia vyoo. Ndiyo, vyoo: chumba kimoja kirefu ambamo askari walikaa ubavu kwa ubavu, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye matangi yakipita chini na kuondoa uchafu. Baba Watoto, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa anabeba tangi letu la choo hadi mahali pa kumwagia, alisimama pale akiutazama ule mfereji kwa wivu wa kweli.

Vindolanda, ngome nyingine ya Warumi, ndiyo iliyonishinda. Kuanzia mwaka 1973 wachimbaji walitoa ardhini vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa wino, barua za kawaida za watu wa ngome, zimehifadhiwa na udongo wenye maji usio na hewa. Moja ni ya Claudia Severa, ya mwaka 100 hivi, akimwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake. Karani aliandika sehemu kubwa, kisha Severa mwenyewe akashika kalamu akaongeza maneno ya mwisho kwa mkono wake, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yaliyoandikwa na mwanamke. Barua nyingine inamtajia mtu kwamba katumiwa soksi na chupi mbili. Upepo ule ukivuma unaelewa.

Kuhusu ule mti maarufu wa Sycamore Gap, uliosimama kwenye bonde kando ya Ukuta: tulikwenda kuona kisiki. Mti ulikatwa usiku mmoja wa Septemba 2023 na watu wawili waliofungwa kwa kosa hilo mwaka 2025. Kisiki kimechipua. Kuna uzio, na watu wanasimama kama wamekuja kuhani msiba.

Jumatatu: Pwani ya Northumberland

Kutoka ukutani tulishuka A69 kisha A1 juu hadi karibu na Seahouses. Njiani tulikata kwenda Craster, kijiji kidogo chenye nyumba ya moshi iliyojengwa mwaka 1856. Heringi wanapasuliwa mgongoni, wanatiwa chumvi, wanatundikwa juu ya moshi wa mwaloni. Harufu unaisikia kabla ya kuliona paa. "Ng'onda hawa," Shangazi akasema, akanunua wa kutosha kijiji. Kwa siku mbili karavani nzima, mito na mashuka na nywele zetu, zilinuka moshi. Aliwapika kwa nazi ya kopo, nyanya na pilipili, na jirani wa kushoto akaja kuuliza nini kinapikwa. Alirudi kwake na bakuli.

Ndege aina ya pafini tuliwakosa. Agosti inapoisha wameshaenda baharini. Sili, wale wanyama wa baharini, walikuwepo, wamelala miambani katika visiwa vya Farne kama hawana kodi ya kulipa. Nahodha wa mashua alituonyesha mnara wa taa alikokaa Grace Darling, binti wa mlinzi wa mnara, ambaye Septemba 7, 1838, akiwa na miaka 22, alipiga makasia na baba yake kwenye dhoruba kuwaokoa watu wa meli ya Forfarshire. Amezikwa Bamburgh, chini ya ile ngome kubwa.

Jumanne: Lindisfarne

Kisiwa hiki kinafikiwa kwa gari, ila bahari ikiruhusu. Barabara inafunikwa na maji mara mbili kwa siku, na ratiba ya saa salama imebandikwa kabla hujaingia, pamoja na picha ya gari lililozama hadi kioo. Kila mwaka wapo wanaoona onyo hilo ni kwa ajili ya wengine. Katikati kuna kibanda juu ya nguzo cha kukimbilia.

Baba Watoto alikuwa anasoma ratiba kwenye simu. Shangazi alikuwa ameutazama mwezi usiku wa juzi, mpevu. "Hili bamvua," akasema. "Yakipwa yanakupwa mbali, yakijaa yanakuja mbio. Twende mapema, turudi kabla ya adhuhuri." Ratiba ikasema hivyo hivyo. Binti akamtazama kwa heshima mpya, na kutoka hapo maswali yote ya bahari yakapelekwa kwake.

Tulivuka saa mbili na nusu asubuhi, karavani imebaki kambini. Mchangani upande wa kulia zilisimama nguzo za njia ya zamani ya mahujaji, na watu wachache walikuwa wanatembea peku. Mtawa Aidan alianzisha monasteri hapa mwaka 635. Mwaka 793 Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wakaivamia. Magofu ni mazuri. Shangazi aliyaangalia kwa adabu, lakini kilichomkalisha kitako ni mashua za kale za heringi bandarini, zimepinduliwa na kufanywa vibanda vya kuwekea nyavu, na milango imetobolewa. Alizikagua mbavu, akagonga mbao, akaingia kwenye majadiliano na mvuvi kwa ukalimani wa kijana. Walizungumza kamba, lami na kutu kwa karibu saa nzima. Ilibidi nimkumbushe bamvua lake.

Alhamisi: Kurudi

Jana tulifua na kulala. Leo tumefunga gesi, tumekunja turubai likiwa kavu, bahati nzuri. Gateshead tukasimama kwenye Malaika wa Kaskazini, sanamu ya chuma ya Antony Gormley iliyosimamishwa mwaka 1998: mita 20 kwenda juu, mabawa mita 54. Watoto walikalia nyayo zake. Shangazi aligoma kupiga picha na malaika, akapiga na karavani.

Mahali fulani kwenye A1, maili 60 kwa saa nyuma ya lori la viazi, alishika simu akamrekodia dada yake wa Tanga ujumbe wa sauti. Nilisubiri kusikia habari za kaizari, au za Regina. Hata.

"Dada, hujambo? Sie tuko njiani. Wana kijumba hiki kina jiko, kina friji, choo ndani kwa ndani, ila choo unamwaga mwenyewe. Samaki wao wa moshi wazuri, nimekuwekea watatu, usimwambie mtu. Mashua zao wanazipindua wanalala chini yake. Eeh, na wapo Washihiri huku, wana msikiti wao. Bei wanapunguza, ukisimama nao. Wewe yule fundi wa matrela pale Chumbageni, yupo bado? Hebu muulize ekseli moja shilingi ngapi."